Nilimuita Mulozi, Kumbe Uchafu Ulikuwa mu Chupa Yangu

Ndugu zangu, kosa ni langu. Naliweka hapa mbele kabisa ju najijua: nisipolisema kwanza nitaanza kuzunguka, nitalaumu bazungu, nitalaumu vita, nitalaumu batu ba Beni. Kulaumu batu ba Beni nilikwisha kufanya tayari. Mutaona.

Miye ni muzee sasa. Meno imeisha, ulimi bado uko. Mu ujana wangu, batu ba Butembo baliniita Docteur wa Majani, na miye niliitika! Docteur! Mutu aliyekuwa muosha chupa!

Acha nieleze polepole.

Wakati wa Babelgiji kulikuwa laboratoire ya kupima dawa kando ya Butembo, juu ya kilima, nyumba ya matofali yenye madirisha makubwa. Ilikuwa ya plantation ya quinquina, ile miti ganda lake linatoa kinini ya malaria. Niliingia kazi pale nikiwa mutu muzima, na bibi na mutoto mumoja, Paluku. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa. Asubuhi chupa, mangaribi chupa. Mikono yangu ilikuwa myeupe kuliko ya mukubwa wangu.

Mukubwa mwenyewe alikuwa Mubelgiji mumoja mwembamba, hasemi sana. Tulimuita Bwana Matone, ju siku yake yote ilikuwa kuhesabu matone. Akimaliza kazi ya maganda ya plantation, alikuwa na ugonjwa wake mwingine: majani. Alitaka kujua majani ile bamama betu banatibia nayo batu iko na nini ndani.

Tulianika majani ku kivuli, hapana ku jua. Tulitwanga. Tulilowesha mu alkoli siku kadhaa, tukachuja na karatasi, tukachemsha polepole mpaka inabaki nzito kama asali. Hapo Bwana Matone anaongeza asidi kidogo, anashika dawa yake ya kupimia, tone moja, tone la pili. Kama kunashuka mawingu meupe ndani ya kioo, anaandika mu kitabu: kuna kitu kikali.

Siku moja nilimuuliza kama kitu kikali ni sumu. Akasema hapana. Nikamuuliza kama ni dawa. Akasema hapana vilevile. "Ni kusema kuna kitu," aliniambia. "Sasa njo kazi inaanza."

Na kabla ya kupima jani lolote, alipima kwanza maji matupu, mu chupa ya aina moja na ile ya jani, iliyooshwa namna moja. "Maji matupu iseme kwanza," alikuwa anasema. Maji matupu ikitoa mawingu, basi uchafu ni wako, jani halina neno.

Chupa zilioshwa mara saba. Mara ine na sabuni na maji ya kijito, mara tatu na maji ya mvua. Miye nilicheka! Jioni nilikuwa naambia bibi yangu Masika ku chakula: "Ile muzungu anaosha mara saba, utasema anatoa mikosi!" Tulicheka pamoja. Kumbukeni ile kicheko, itarudi.

Uhuru ukafika. Batu bakaimba, bakakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na ilikuwa haki yetu, sijuti ile. Bwana Matone akabeba microscope, mizani yake ndogo na paka wake. Ku mulango akanipa mukono akasema neno moja tu: "Osha."

Nilikasirika! Nilingoja aniambie sasa wewe njo mukubwa. Yeye ananiambia osha! Nikajiambia, huyu hata siku ya kukimbia anataka nibaki boyi.

Juma halijaisha nilikuwa nimevaa blouse yake nyeupe, ile koti la kazi. Mikono ilikuwa mirefu, Masika akaikunja akashona. Nikatia kalamu mbili mu mufuko wa kifua, ju moja ni ya karani na mbili ni ya docteur, vile nilifikiri. Mupumbavu na kalamu mbili!

Na chupa? Aka! Mukubwa anaoshaka chupa? Nilikuwa nazisuuza mara moja na maji ya kijito, nazipanga mu kabati, basi. Muosha chupa mwingine sikumutafuta, ju nilitaka batu basahau kama ile kazi iliwahi kuwa.

Na Butembo nzima ikaniamini! Hata leo sijui kama nibacheke ao nijicheke. Mutu akishaona blouse nyeupe na kioo chenye moshi, akili yake inalala usingizi. Banakuja na majani, natia tone, mawingu yanashuka, nasema "Mm-hm!" Banaenda kwao na furaha. Nilisema "Mm-hm" mwaka muzima, na hakuna aliyeniuliza maana yake.

Sasa niwaambie juu ya Mama Katungu.

Alikuwa shangazi wa bibi yangu. Mama yake Masika alikufa mapema, Mama Katungu njo alimulea. Mujane, Mukatoliki wa misa ya kila asubuhi, na kisha misa shamba, na kisha shamba bagonjwa. Dawa yake ya tumbo ilikuwa mubirizi, lile jani chungu, na majani mengine mawili ya ku lupango lwake, kiwanja cha nyumba, alichemsha mu chungu ambacho hakikupikiwa hata viazi.

Na alikuwa na desturi yake. Hawezi kukupa kikombe bila kukisuuza mbele ya macho yako. Kisha anajimiminia yeye kwanza, anameza, anafungua kinywa uone ulimi. Njo anakupa. Kwetu Banande hata kasiksi inakunywewa vile: mwenye nyumba anaonja kwanza, mugeni ajue amekuja kwa batu. Lakini Mama Katungu alifanya hata kwa mutoto muchanga. Mutoto wangu wa kwanza alipona kuhara na kile kikombe.

Na miye, docteur, siku moja nikamuambia mbele ya bageni: "Mama, kuonja si kupima."

Alicheka. "Mukwe wangu, weye unapima na macho. Miye napima na tumbo langu."

Batu bakacheka, nikaumia. Majivuno ni kidonda, ukigusa kidogo kinatoa usaha. Sikusahau ile kicheko.

Basi kulikuwa Saidi, Muislamu wa Beni, mwenye kamyo, gari la mizigo. Mutu munene wa maneno mazuri, njia yote ilimujua. Alipandisha samaki ya Kyavinyonge, akarudi na maharagi ya Alimbongo. Siku moja akashuka Butembo macho yamekuwa ya njano, tumbo limevimba. Infirmier wa hospitali akamuambia maini imeharibika, enda nyumbani ukae na batu bako. Sasa mutu gani anakubali maneno kama ile? Akaenda kwa Mama Katungu.

Mama Katungu alimushika kope, akaangalia, akamuambia mbele ya batu: "Tate, nitakupunguzia maumivu. Kukuponya, hapana."

Akakunywa siku tatu, kila kikombe Mama Katungu ameonja. Siku ya ine Saidi akafa, kwa nyumba ya rafiki yake pale Butembo.

Ndugu yake Hassani akakuja kutoka Beni na jamaa. Maneno ya sumu yalikuwa imeanza tayari, munajua kwetu mutu hafe bila mutu mwingine kutajwa. Lakini Hassani hakukuja na fujo. Alipanda kilima mpaka kwangu, akatoa kofia, akanisalimia na adabu yote.

"Docteur, banasema unaona kitu kilicho ndani ya maji. Kama ni Mungu amemuita ndugu yangu, tutashukuru, tutamuzika. Kama ni mutu, tujue. Ni ile tu."

Nilijisikia mukubwa! Tajiri wa Beni kofia mu mukono! Nikanyoosha mukono ku kabati, nikachukua chupa iliyokuwa karibu, nikamupa. "Enda uchukue ile imebaki mu chungu."

Ndugu zangu, kosa lote liko pale, mu ile kunyoosha mukono. Sikuangalia chupa. Sikuinusa. Sikuiosha.

Bakaenda. Mama Katungu mwenyewe njo alimimina, nilikuja kuambiwa kisha. Alijaza mpaka ku shingo, akafunga na kitambaa chake safi. "Pelekeni kwa mukwe wangu," alisema. "Yeye atawaambia."

Bakarudi na batu wengi nyuma yao. Madirisha makubwa yale yakajaa sura. Masika alikuwa pale, mutoto ku mugongo. Nikatandika kitambaa ku meza kama padri. Nikachuja, nikachemsha, nikatia asidi, yote na mikono ya madaha.

Pembeni kulikuwa kioo cha maji matupu. Nilikiona! Nisidanganye kama nilisahau. Niliwaza: hawa batu bote banangoja, nianze kupima maji? Batasema docteur hajui kazi. Nikakisukuma na kiwiko.

Tone moja. Tone la pili. Mawingu yakashuka, mengi, meupe, mpaka chini ya kioo.

Pale Bwana Matone angesema kuna kitu, sasa kazi inaanza. Miye nikageukia madirisha. Nikasema: "Sumu."

Hassani alifunika uso na mikono akalia. Lakini wale ba madirisha hawakulia, bamekwisha kushuka kilima mbio.

Bakachoma nyumba ya Mama Katungu. Bakangoa lupango lote lwa majani. Bakavunja chungu ku mawe, na mukono wake wa kuume bakauvunja vilevile. Wengine walikuwa batu aliowatibu yeye! Padri njo alimutoa mu ile fujo, akamutia mu njia ya Kasugho, kule ku pori, kwa ndugu yake mudogo.

Njia ya Kasugho ilipita chini ya kilima chetu. Nilimuona anapita na watu wawili, mukono umefungwa na kipande cha kitenge. Akasimama akainua kichwa.

"Mukwe! Pima tena!"

Nikafunga dirisha.

Kesho yake asubuhi Masika akakuja laboratoire. Hakuwahi kuingia pale ju nilikuwa nimemukataza. Macho yamevimba. Alikuwa na majani mu mukono, ya mubirizi na ile mengine mawili, ameokota mu majivu.

"Baba Paluku, miye nilikunywa ile dawa utoto wangu wote. Nakuomba. Pima tena."

Nikamuambia angoje inje. Nilitaka tu kumutuliza, wallahi, hata sikuwa na mashaka. Majani nikayachemsha haraka-haraka. Nikatafuta chupa, zote zilikuwa na vumbi. Basi nikaosha moja. Kwa kutafuta muda upite, nikaiosha vizuri, kama zamani, na maji ya mvua. Mikono ilikuwa inakumbuka peke yake.

Tone moja. Tone la pili. La tatu. Hakuna kitu. Maji yalikaa rangi ya chai, safi, naona vidole vyangu upande wa pili.

Nikachukua ile chupa ya jana. Nikaigeuza. Ku tako lake kulikuwa tone la rangi ya buluu.

Buluu! Bwana Matone alipaka buluu ku chupa zote za kinini, zisichanganyike na zingine. Nilizijua kama batoto bangu, ni miye nilikuwa nazipaka! Nikatoa nyingine ya buluu mu kabati. Nikatia maji ya mvua tu, maji matupu, nikatikisa. Nikatia tone.

Mawingu.

Ni kinini, ndugu zangu. Kinini kavu, iliyobaki ku kioo ju mutu mumoja aliona aibu kuosha chupa. Mama Katungu alimimina dawa yake safi mu uchafu wangu, na uchafu wangu ukamuhukumu.

Nilikaa chini. Na inje sauti ya Masika: "Umeona nini?"

Mulango ulikuwa hatua tatu. Hassani alikuwa bado mu mji, hawajamaliza matanga. Mama Katungu hajafika hata nusu ya njia. Maneno matano yangetosha. Chupa ilikuwa chafu, ni miye.

Nikafungua mulango, nimefunga vifungo vya blouse vyote, nikasema: "Nimeona ile ya jana."

Masika hakulia. Alisema tu, "Basi," akashuka kilima. Tangu siku ile akawa mutu mwenye kuona haya. Ku kisima bamama bakimuuliza habari ya shangazi yake, anainama anashika ndoo. Nilimuona. Nilimuona siku zote, na usiku nililala, ile njo inanichukiza zaidi: nililala vizuri!

Jamaa ya Hassani bakatuletea jogoo. Asante ya kusema ukweli. Tukamuchinja. Masika hakula, alisema ana tumbo.

Miaka haikupita mingi, vita ya Basimba, baasi ba wakati ule, ikafika kwetu. Bakaja na majani ku kichwa na maji yao ya kuzuia risasi, na bakaanza kutafuta batu ba karatasi. Ukiwa na miwani, ni weye. Ukiwa na kravati, ni weye. Ukiwa na funguo ya bureau, sali sala yako. Na docteur wa majani mwenye kalamu mbili je? Kalamu nilizitupa mu choo! Zote mbili! Mupaka leo miye sijawahi kuona docteur aliyerudi haraka vile kuwa mulimaji.

Lakini batu bananijua. Masika akafunga batoto kama mizigo, akanifunga na miye, ni neno lake hilo, akatupeleka Kasugho. Kwa nani? Kwa nani mwingine!

Siku mbili za kutembea mu pori nilikuwa natafuta maneno. Nilijiambia: nikifika tu, napiga magoti. Nikafika na homa, meno yanagongana, nikaanguka ku mulango wa kibanda cha Mama Katungu kama muzigo.

Mukono wake ulipona vibaya, kiwiko kiligeukia inje. Na mukono ule ule alichemsha majani. Alisuuza kikombe mbele yangu. Akajimiminia, akameza, akafungua kinywa. Miye! Alinifungulia miye kinywa nione ulimi! Kisha akanipa.

Nikakunywa. Ilikuwa chungu vile vile kama zamani.

Homa iliposhuka, akakaa karibu ya kitanda. Nikasema, "Mama, juu ya ile chupa..."

"Nyamaza," alisema. "Ulifikiri nakukasirikia? Weye ulisema ile uliona. Mutu wa kupima asemeje kitu asichoona? Miye nilifikiri sana huku. Najua nani."

"Nani, Mama?"

"Ile batu ba Beni. Kutoka kwangu mpaka kwako ni njia ndefu. Batu wale njo balitia kitu mu njia, balikuwa banataka kamyo ya ndugu yao. Si vile?"

Masika alikuwa anachambua maharagi ku mulango. Akainua uso. Tangu ule moto sikuwa nimeona uso wake namna ile. Ilikuwa furaha, ndugu zangu, furaha ya mutu aliyerudishiwa jamaa yake.

"Si vile?" Mama Katungu akarudilia.

Na miye nikasema: "Ni vile, Mama. Nilifikiri vile vile."

Mate! Najitemea mate! Chupa chafu inaweza kuwa ajali. Dirisha ni uoga. Lakini ile "ni vile", niliisema nimelala ku mukeka wake, tumbo limejaa dawa yake.

Na maneno hayalale kule unayaacha. Baba mudogo wa Masika, yule ndugu wa Mama Katungu wa Kasugho, akayabeba ku soko. Kutoka soko yakafika kwa Basimba kama Hassani wa Beni ni mutu wa sumu. Balimukamata ku njia, bakachoma kamyo, bakamupiga mpaka mugongo ukaharibika. Vita ilipoisha nilimuona Beni, anatembea na fimbo mbili, mwanamume aliyekuwa anapanda kamyo bila kushika kitu.

Munajua aliniambia nini? "Docteur, Mungu akulinde. Bila weye hatungejua ukweli wa Saidi."

Huku bananishukuru, kule bananishukuru! Nilikula jogoo la Beni, nikakula ndizi za Kasugho, na katikati yao niliweka chuki ambayo mupaka leo batoto ba ile nyumba mbili hawapeane mukono ku matanga.

Bazee banasemaka njia ya muongo ni fupi. Uongo mutupu! Yangu ilikuwa ndefu, na kila mahali nilipata kiti.

Amani iliporudi, Mama Katungu akashuka Butembo mara moja. Amezeeka, amevaa kitenge kile cha misa. Alileta majani mu kapu, amefunika na kitambaa. "Mukwe, sasa bazungu ba vita, bale balifukuza Basimba, bamekwenda, Basimba bamekwenda. Ita batu. Pima mbele yao. Nataka nife naitwa Katungu, hapana ile jina lingine, mulozi."

Hakutaka kitu kingine. Jina lake tu.

Nilikuwa na dawa ya kupimia bado, nusu ya chupa. Nilikuwa na maji ya mvua. Nilikuwa na mikono. Lakini niliwaza: nikipima na majani yaonekane safi, Hassani atauliza, basi sumu ya ile siku ilitoka wapi? Na mutu mumoja atasema, chupa ilikuwa ya nani?

"Mama," nilimuambia, "ile dawa ya kupimia iliisha. Ilikuwa ya kutoka Ulaya."

Aliangalia kapu lake. "Hakuna hata kidogo?"

"Hakuna."

Alibeba kapu akarudi Kasugho na miguu. Alikufa musimu ule ule wa mvua. Ku matanga batu ba Butembo hawakufika hata kumi, na wawili walikuja kuhakikisha kama amekufa kweli.

Masika alikuja kujua miaka nyuma, mangaribi moja, anatafuta shuka mu malle yangu, sanduku la nguo. Akakuta blouse nyeupe imekunjwa. Ndani ya blouse, chupa mbili. Moja ni ya dawa ya kupimia, imebaki nusu, na karatasi yake. Nyingine ni ile ya tako la buluu. Musiniulize kwa nini sikuitupa. Nilijaribu. Mara tatu nilifika ku mutoni nayo.

Akaziweka ku meza. Hakuuliza juu ya dawa: alijua nilimuambia shangazi yake iliisha, na kuhesabu alijua. Aliuliza juu ya ile ya buluu.

Nikamuambia yote. Miaka yote ile, na ilichukua muda mufupi kuliko kupika ugali.

Hakupiga kelele. Mungu wangu, kama angepiga kelele! Alibeba chupa akaenda inje ku pipa. Nikasikia maji. Akaosha na sabuni, akamwaga. Tena. Tena. Mara ine. Akachota ya mvua, mara tatu. Saba. Ku chakula, zamani, nikimucheka Bwana Matone, ni miye nilimufundisha.

Akarudi akaiweka mbele yangu, inangaa.

"Umeona?" alisema. "Ilikuwa kazi ndogo."

Akajifunga kitenge akaenda Kasugho, akakaa ku shamba la shangazi yake. Alizikwa kando yake. Batoto bananitembelea, bananiletea unga. Kikombe cha maji mu mikono yangu hawapokee. Banasema tu hawana kiu.

Sasa weye unayesoma. Naona vijana ba leo mu soko ya Butembo, banauza majani mu sachet, tufuko twa plastiki, karatasi imeandikwa "imepimwa". Naona bengine bana kachombo ka taa nyekundu na kijani, banapima mutu kidole banamuambia nani anamuloga. Blouse ni nyeupe, mama wee! Muulize swali moja tu: maji matupu umeipima? Akianza kukasirika, beba mutoto wako uende. Na weye mwenye blouse, nakuambia miye niliyeivaa: siku unaona haya kuosha chupa yako, usiweke mutu mwingine mu ile chupa. Na ukigundua kosa asubuhi, liseme asubuhi. Mangaribi utakuwa umekwisha kupewa jogoo.

Jina langu sitaliandika. Muko na haki ya kunicheka: muzee muzima, kaburi limefunguka, na bado nimefunga dirisha!

Lakini ya wengine naandika, na mwenye kujua kusoma abasomee batoto ba nyumba ile mbili. Saidi wa Beni alikufa na ugonjwa wa maini. Hassani ndugu yake hakutia kitu mu njia. Mama Katungu wa Butembo, aliyezikwa Kasugho, hakuua mutu. Chupa ilikuwa yangu.